Mwanangu Angeniambia

Karatasi ya majibu ya Mama ilikaa siku 19 ndani ya droo ya duka langu, chini ya daftari la wadaiwa. Nina duka la pembejeo hapa Songea mjini: mbolea, mbegu za mahindi, dawa ya viwavijeshi, mabomba ya kupulizia. Kila alipotoka sokoni Mama alipitia dukani, akakaa juu ya mifuko ya DAP, akaniuliza biashara inakwendaje, na goti lake likawa karibu kugusa droo ile. Sikuifungua. Nilimwambia uongo juu ya ugonjwa wake mwenyewe, nikaushikilia karibu wiki tano, na nusura umwue. Naandika haya kwa ruhusa yake. Nilipomwomba alinyamaza kidogo, akasema, "Andika. Ila usijipunguzie."

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2022. Mama alimwita mke wangu chumbani, akamshika mkono, akauweka juu ya ziwa lake la kushoto. Usiku ule mke wangu aliniambia kwamba amegusa kitu kigumu kama kokwa la embe changa, kisichosogea. Mama alikuwa nacho tangu Pasaka. Hakikumwuma, ndiyo maana alinyamaza. Huku kwetu kisichouma hakipelekwi hospitali. Nami, mtoto wa kiume, sikujua nitazame wapi wakati naelezwa habari za ziwa la mama yangu. Naitaja aibu hii kwa sababu ilifanya kazi yake katika yote yaliyofuata. Ilinifanya nitake mambo yaishe upesi, kwa maneno machache, bila mtu kuuliza sana.

Tulimpeleka hospitali. Wakampiga ultrasaundi, wakachukua kinyama kwa sindano nene, kikasafirishwa kwenda kupimwa kwenye maabara nje ya mkoa. Ijumaa ya kwanza ya Novemba daktari akanipigia simu mimi, maana namba iliyokuwa kwenye faili ni yangu. Nilikwenda peke yangu. Aliponiona alitazama mlango nyuma yangu, akauliza mama yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani amepumzika. Mama alikuwa sokoni anauza maharage. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulikuwa mdogo hata sikuuhesabu.

Daktari alisema mgonjwa ndiye wa kuambiwa kwanza, nimlete. Nikamsihi. Nikasema ana presha, nikasema baba hayupo na mimi ndiye mkubwa, nikaahidi kwamba nitamweleza mwenyewe taratibu. Nilimsihi mpaka nikalia, naye akanipa bahasha, akinisisitiza nimrudishe Mama wiki ile ile ili amfafanulie. Simlaumu. Kazi ile ilikuwa yake, nikamnyang'anya kwa machozi.

Kisha akanieleza. Saratani ya matiti. Haijaonekana kwenye ini wala mapafu, ila imefika kwenye tezi za kwapani. Ataanza na dawa za drip kila baada ya siku 21, halafu upasuaji, halafu mionzi. Akasema inatibika, tusichelewe.

Nilikuwa na sababu ya kuficha, nami nitaisema ilivyokuwa. Mama mkubwa, dada yake Mama, alikufa kwa ugonjwa huu huu mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, watu kutoka kila kona ya nchi walipokuwa njiani kwenda Samunge, kule Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, naye aliomba apelekwe. Nauli ya kuvuka nchi nzima kutoka Ruvuma ikatushinda. Alipofikishwa hospitali ziwa lilikuwa limeshafunguka kidonda. Akaambiwa jina la ugonjwa, na tangu siku ile, ndivyo ilivyosimuliwa nyumbani kwetu, akaacha kula, akaugeukia ukuta, akafa. Matangani nilisikia watu wazima wakisema: neno ndilo lililomwua. Niliishi na maneno hayo miaka kumi bila kuyachunguza.

Leo nayachunguza. Mama mkubwa alikaa zaidi ya mwaka mzima na majani ya kubandika, ziwa limefichwa chini ya khanga. Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wao hufika kwa daktari ikiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati kazi imeshakuwa ngumu. Jina lilimfikia Mama mkubwa mwisho kabisa, kila kitu kikiwa kimeshaharibika, likabebeshwa kesi yote. Lakini mwaka 2022 mimi sikuwa nimefikiri hivyo. Nililiogopa neno kuliko nilivyouogopa ugonjwa.

Jioni ile nilimkuta Mama barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia, "Wamesema ni mishipa ya maziwa imeziba, ndiyo ikaleta uvimbe. Watakuwekea drip za kuulainisha, halafu wautoe."

"Maziwa gani kwa umri huu?"

Nikacheka. Nilicheka mbele ya mama yangu ili asiulize tena, naye akacheka kidogo, akaendelea kutupa mabovu pembeni.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe uongo ule ulitaka kulishwa kila siku. Mke wangu ilibidi auseme. Dada yangu aliyeolewa Dar es Salaam nilimfundisha kwa simu. Alikataa, akalia, nikamwambia ukimwambia akafa, shauri yako. Watoto waliambiwa bibi ana uvimbe. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambao Mama amevaa nao kitenge kimoja tangu sijazaliwa, walituma salamu kwamba wanataka kuja kumwombea. Niliwazuia. Nilisema amechoka, waje siku nyingine. Ukweli ni kwamba niliogopa mmoja wao, mwenye akili ya kukisia, angeomba kwa kulitaja jina. Kwa hiyo nilimwondolea mama yangu watu wake wote, mmoja mmoja, katika wiki alizowahitaji kuliko wiki nyingine yoyote ya maisha yake, na usiku nililala nikijiona mtoto mwema.

Tarehe 23 Novemba tulipanda basi alfajiri kwenda hospitali kubwa ya mkoa mwingine. Bahasha niliikunja ndani ya gazeti. Kesho yake, kwenye chumba cha dawa, nilimwahi nesi mlangoni nikamnong'oneza kwamba mgonjwa hajui. Alinitazama kwa muda.

"Kaka, dawa hizi zina masharti. Nani atayashika?"

"Mimi," nikasema.

Basi masharti nikapewa mimi, nimesimama koridoni, na Mama amekaa ndani kwenye kiti anaitazama chupa. Nywele zitadondoka. Mkojo utakuwa mwekundu siku ya kwanza kwa sababu ya ile drip nyekundu, asishtuke. Mdomo unaweza kutoka vidonda. Na kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu hushuka sana, mwili unabaki bila askari: akae mbali na msongamano, asijikate, asishike udongo na samadi, na homa ikifika nyuzi 38, iwe mchana iwe usiku wa manane, asimeze panadol akalala, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Nesi alirudia hilo la homa mara mbili.

Mama nilimwambia la nywele na la mkojo, kwa sababu hayo angeyaona mwenyewe. La homa sikumwambia. Ningemwambia angeuliza ni dawa gani hii ya mishipa ya maziwa inayoogopwa namna hii. Nikajisemea nitakuwa macho kwa niaba yake.

Naye mwuza mbolea wa Songea, Novemba na Desemba, ana macho gani ya kumtazama mtu? Mvua zetu ni za msimu mmoja. Ikishanyesha ya kupandia, kila mtu anataka mbolea siku hiyo. Mwaka ule ndio ruzuku mpya ya mbolea ilikuwa imeanza, wakulima wanakuja na namba zao za usajili, foleni inaanza kabla sijafungua kufuli. Niliondoka nyumbani gizani, nikarudi gizani.

Mama alitapika siku tatu, akalala siku mbili, siku ya sita akanywa kikombe kizima cha togwa, akasema uvimbe umelegea. Alifurahi. Sote tulifurahi. Siku ya nane alichukua jembe lake, akapanda gari la Mpitimbi, akaenda shambani. Hakuuliza mtu, na kwa nini aulize? Alijua ana uvimbe unaolainika, mvua imenyesha, eka mbili zinamngoja, na mahindi ya shamba lile ndiyo ada ya mjukuu wake. Kwa yale niliyomruhusu ayajue, aliamua sawasawa kabisa. Mara nyingi tangu siku zile nimesikia watu wakisema wagonjwa wetu wakaidi, wanaacha dozi, wanakimbilia mashamba. Nikisikia hivyo siku hizi nauliza: mgonjwa aliambiwa nini?

Nilimpigia simu kutoka dukani. "Mama, daktari alisema upumzike."

"Huo uvimbe utaningoja, mwanangu. Mvua haingoji."

Nilikuwa na neno moja la kumrudisha nyumbani kwa gari la jioni ile ile. Nikalimeza. Mteja alikuwa ameshika mfuko wa mbegu anasubiri bei. Nikasema basi, usijichoshe.

Jembe lilimtoa malengelenge kiganjani, moja likapasuka. Aliosha kwa maji ya kisima, akafunga kitambaa, akaendelea kufukia mbegu. Usiku wa siku ya 12 ikaja homa. Akameza panadol, akalala. Asubuhi akameza tena, akaongeza dawa ya malaria. Alifanya kile ambacho nesi alisema mara mbili kisifanywe, na hakuwahi kukisikia. Kesho yake jirani wa shamba akanipigia: njoo, mama yako anaongea maneno hayaeleweki.

Nilifunga duka watu wakiwa mlangoni, nikakodi gari. Nilimkuta amelazwa juu ya mkeka, mkono umevimba hadi kiwiko, midomo imepasuka kwa ukavu. Aliponitambua alisema, "Umeacha duka?"

Hospitalini walimkimbiza ndani. Mapokezi niliwapa karatasi zote, maana hapo hapakuwa na pa kuzificha. Nikaenda dirisha la malipo, nikalipia vipimo, nikarudi wodini na risiti mkononi. Nesi kijana alikuwa amesimama kando ya kitanda na kalamu, anajaza fomu. Aliuliza kwa upole, lakini kwa sauti ya wodini, ile ambayo kila kitanda kinaisikia:

"Mama, dozi ya mwisho ya dawa ya kansa ulichomwa tarehe ngapi?"

Mama akafumbua macho. "Ya kansa? Siyo mimi, binti. Mimi sina kansa."

Nesi akaitazama karatasi, akamtazama tena. Mama akaona yule binti amefadhaika, akataka kumtuliza, kama mtu anayemsamehe mtoto aliyemwagia maji kwa bahati mbaya. Akamwambia:

"Ningekuwa nayo, mwanangu angeniambia."

Nilikuwa hatua mbili nyuma ya nesi. Kitanda cha jirani mwanamke mmoja aliacha kumenya chungwa. Mama akageuza kichwa, akaniona. Hakuuliza kitu. Alinitazama usoni mpaka akapata jibu, kisha akavuta shuka taratibu kwa ule mkono mzima, akajifunika hadi kidevuni.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Watu niliowasimulia hunifariji kwa kusema nilifanya kwa mapenzi, na kwamba Mungu mkubwa, alipona ile homa. Kweli alipona: dawa za mshipani siku saba, chembe nyeupe zikapanda, mkono ukanywea. Lakini hata kama asingepata homa, hata kama angekaa nyumbani na dozi zote zikaenda salama, bado ningekuwa nimemfanya mama yangu awe mtu pekee asiyejua habari zake. Wodi nzima ya wanawake wasiomjua ilijua kabla yake. Na katika hali ile, akiwa na homa, bado alinitetea.

Siku sita hakusema nami. Nilikwenda asubuhi na jioni, nikamwamkia, akaitikia marahaba, basi. Alichotaka alimwagiza mke wangu: mwambie mumeo alete sabuni, mwambie mumeo asimwache mtoto njaa. Nilikwenda kuungama kanisani. Padri alinisikiliza, akanipa malipizi, akanieleza kwamba bado nina deni kwa mwenye haki yake.

Siku ya saba Mama aliniita. Nilimkuta amekaa kitandani bila kilemba. Nywele zilikuwa zimekwisha zote. Nina miaka zaidi ya 30 na sikuwahi kuliona umbo la kichwa cha mama yangu. Kina kovu dogo kisogoni, la utotoni, sikulijua. Akasema, "Leta hiyo karatasi. Nisomee. Usiruke."

Nikasoma neno kwa neno, nikitafsiri, kamusi ya simu mkononi. Kila mahali aliuliza. Imeandikwa daraja la pili. La pili katika mangapi? Matatu. Upana sentimita nne. Akapima kwenye kidole chake, kutoka ncha hadi kiungo cha pili, akakitazama. Nikafika penye ER chanya. "Hiyo ni nini?" Sikujua. Nilikaa na karatasi ile zaidi ya mwezi, nimeificha, nimeilinda, nimesafiri nayo, na sikuwa nimeuliza. Mama akamngoja daktari wa raundi, akamwuliza yeye mwenyewe. Daktari akavuta kiti. Akaeleza kwamba ziko saratani zinazostawi kwa homoni za kike, na yake ni ya namna hiyo, na hiyo ni habari njema, kwa sababu baada ya drip, kisu na mionzi kipo kidonge cha kila siku, miaka mitano au zaidi, cha kuizuia isipate chakula.

Mama akafikiri. "Kama kiduha kwenye mahindi. Kinanyonya humo humo mnamokua mmea."

Daktari akasema ndiyo, mama, karibu sana na hapo.

Alipoondoka Mama akaniuliza kwa nini. Nikamwambia habari ya Mama mkubwa, kwamba neno ndilo lililomwua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nani alikuambia hivyo? Mimi ndiye niliyelala naye." Akanisimulia. Dada yake aliacha kula kwa sababu chakula kilikuwa hakishuki. Siku alipoambiwa kansa alisema afadhali. Mwaka mzima alikuwa ameamini amerogwa na wifi yake. Walikuwa hawasalimiani, watoto wao wamekatazwa kucheza pamoja. Alipojua ni kansa alimwita wifi yake, akamwomba radhi, wakalia, na huyo wifi ndiye aliyemwogesha hadi siku ya mwisho. Hilo sikulisikia matangani. Walilijua wanawake waliokuwa ndani ya kile chumba, na sisi wa nje tukajitungia letu.

Akamaliza: "Dada yangu alikufa anajua anakufa na nini. Wewe ulitaka mimi nife na mishipa ya maziwa."

Dozi ya pili ilichelewa hadi Januari. Hizo ni wiki za tiba nilizozitupa mimi, na hakuna duka ninaloweza kwenda kuzinunua.

Alipotoka hospitali jambo la kwanza alituma mtu kwa wenzake wa WAWATA. Wakaja 14, wakajaa sebuleni hadi uani, wakaomba kwa kulitaja jina bila kutetemeka. Walipokuwa wanaondoka mmoja akabaki. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, nimemwamkia tangu nikiwa mdogo. Mke wangu alikuwepo, ndiye aliyeniambia: yule mama alifunga mlango, akafungua blauzi, akamwonyesha Mama mahali palipokuwa ziwa lake la kulia. Alikatwa miaka minane kabla, Dar es Salaam, na mtaani alisema amekwenda kumwuguza binti yake. Tangu siku ile akawa anakuja kila baada ya drip. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama kunywa togwa iliyopoa kidogokidogo vidonda vya mdomo vikianza, kula kidogo kila saa badala ya kungoja sahani, na baadaye, kutobeba ndoo kwa mkono wa upande uliokatwa, maana tezi za kwapani zikishatolewa mkono huweza kuvimba. Alimshonea na ziwa la kitambaa, akalijaza mtama kidogo ili liwe na uzito. Msaada wote huo ulikuwa hatua 60 kutoka mlangoni kwetu, na mimi niliwazuia wageni.

Kabla ya upasuaji, Juni 2023, daktari mpasuaji alieleza atakachofanya, akaniangalia mimi niseme kama tumeelewa. Mama akajibu yeye. Alikuwa na swali moja ambalo nisingeliwaza hata kwa miaka mia: "Likishakatwa linawekwa wapi?" Daktari alishangaa kidogo, akamjibu vizuri, kwamba linapelekwa maabara likapimwe tena, na kinachobaki kinachomwa kwenye tanuri la hospitali. Mama akasema alikuwa anapenda kujua, maana limenyonyesha watoto watano, wawili wamekufa, na hakutaka aambiwe tu limetupwa. Akatia saini mwenyewe, herufi kubwakubwa za shule ya zamani. Nilipokuwa naficha karatasi ndani ya droo, ndilo swali nililokuwa nalinyima nafasi.

Mionzi alikwenda kupigwa Ocean Road, Dar es Salaam. Kufika getini akasimama, akasoma kibao kwa sauti: Taasisi ya Saratani. Alisoma kama anavyosoma somo kanisani, polepole, neno la mwisho likasikika kuliko mengine. Dada yangu akaniangalia. Majengo ya zamani ya pale yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, karibu na bahari, na mtu mmoja kwenye benchi alimweleza hivyo. Mama ni mtu wa Songea. Kila Februari amekwenda Mahenge, hapa hapa Songea, kwenye kumbukumbu ya wazee wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Aliweka kiganja kwenye ukuta ule mnene, akauliza, "Hawa hawa?" Hawa hawa. Hakusema zaidi, akarudi kwenye foleni, akaanza kumfundisha mwanamke wa Lindi namna ya kujaza mtama kwenye kitambaa.

Kidonge anameza hadi leo, kila usiku, baada ya taarifa ya habari. Kadi ya kliniki anaiweka mwenyewe, ndani ya mkoba wa kitenge, pamoja na ile karatasi ya kwanza yenye alama za mikunjo niliyoitia mimi. Namba ya simu kwenye faili lake ni yake.

Niliwahi kumwuliza kama amenisamehe. Alisema, "La karatasi nimekusamehe. Lile la wodini bado naliombea." Sikumwuliza tena.

Mara ya mwisho alipokwenda kuchukua majibu ya ultrasaundi nilitaka kumsindikiza. Akaniambia kaa dukani, nitakuja. Nilikaa. Nilikosea kurudisha chenji mara mbili, nikapanga upya mifuko iliyokuwa imeshapangwa. Simu nilikuwa nayo mfukoni na sikumpigia daktari, ingawa namba yake ninayo. Saa tisa hivi nilimwona anavuka barabara, mkoba begani, hana haraka. Akaingia, akakaa juu ya mifuko mahali pake pa siku zote, akaomba maji. Nikampa kikombe. Alikunywa chote, akanirudishia, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, kisha akaanza kuniambia, kuanzia alivyofika pale mapokezi.